Bega la Naeem

Hakuna bibi kutoka Afrika Mashariki anayeishi Toronto ambaye mimi, Valerian, siwezi kumtoa siri kwa kikombe kimoja cha chai. Kimoja. Cha pili huwa nakunywa kwa adabu tu. Nimeshawatoa akina bibi siri za viwanja, siri za ndoa, siri za nani aliingia Kanada kwa jina la nani. Na hakuna mrusha mpira ambaye nikimtazama mara kumi nitashindwa kukuambia atafika wapi. Mimi ni Mhaya, na sisi hatujisifu. Tunatoa taarifa.

Maneno hayo niliyasema kwa Kiingereza, nimesimama juu ya kiti, mbele ya makocha wanne, Jumatatu ya mwisho ya Novemba. Watatu wakacheka. Kocha mkuu, Mancuso, alitabasamu nusu, maana timu yetu ilikuwa imetoka kufungwa mechi nane kati ya nane, na yeye alikuwa na uso wa mtu anayesubiri majibu ya damu.

Timu yenyewe ni ya chuo kimoja cha hapa Toronto. Jina lake sitalitaja kwa sababu jaketi lao bado ninalo. Mpira wanaoucheza si ule wetu wa miguu. Ni ule wa kofia ngumu na mabega ya plastiki, mpira wenye umbo la yai, watu wanagongana kama wanagombea mlango. Katikati ya vurugu hiyo kuna mtu mmoja anaitwa kwotabeki. Kila shambulio linaanzia mkononi kwake. Anapewa mpira, anarudi nyuma hatua tatu, na kabla hajagongwa anatakiwa awe ameshaurusha kwa mwenzake aliye mbali huko. Ukiwa na kwotabeki mzuri, una timu. Usipokuwa naye una watu sitini wenye njaa na basi la kukodi.

Sisi tulikuwa na basi.

Kazi yangu ilikuwa video. Nilikaa kwenye chumba kilichokuwa stoo ya mifagio, nakata mechi vipande vipande ili makocha waone nani kakosea wapi. Nilimaliza kidato cha sita Bukoba, nikaja huku kwa mama yangu mdogo, Benedicta, na kazi nimeipata kwa ulimi. Mancuso alinikuta natangaza mechi ya watoto wa parokia kwa kipaza sauti, akacheka mpaka akakaa chini. Akaniuliza kama najua kompyuta. Nikamwambia kompyuta inanijua mimi.

Sasa mezani kulikuwa na jina moja: Naeem. Miaka kumi na minane, mwaka wa mwisho wa sekondari, kijana wa hapa hapa North York. Mtandao mmoja unaopanga vijana kwa nyota ulimpa nyota nne. Elewa jambo moja: kijana wa nyota nne hatafuti chuo kama chetu, kama vile harusi ya ukumbi wa hoteli haitafuti mpishi wa kilabuni. Mwezi wa nane, vyuo kumi na kimoja vya Marekani vilikuwa vinampigia simu. Mwezi wa kumi na moja, hakuna hata kimoja.

"Kijana anasema hataki kwenda mbali na bibi yake," Mancuso akasema. "Labda ni kweli. Labda Wamarekani wameona kitu. Huyo bibi anaongea lugha yako, Val. Nenda. Kama ana kasoro, niambie. Kama ni mzima, nafasi ya mwisho ya ufadhili ni yake, na wewe msimu ujao unatoka huko kwenye mifagio. Unasimama na mimi pembeni ya uwanja, na visikilizio masikioni."

Visikilizio! Nilikuwa nimeshajiona navyo. Nilikuwa nimeshawaambia watu kanisani.

Nikiri jambo dogo hapa kabla hatujaendelea. Huyo Naeem nilikuwa nimeshampa alama tisa na nusu kati ya kumi. Nilimpa baada ya kutazama vipande vitamu alivyokatiwa na binamu yake, dakika tatu na sekunde arobaini, pamoja na muziki. Mechi zenyewe za shule yake, kuanzia ya kwanza hadi ya nane, zilikuwa kwenye kompyuta yangu na sikuwa nimefungua hata moja. Lakini karatasi niliyompa Mancuso ilikuwa na mstari unaosema: Mechi zilizotazamwa, zote. Huo haukuwa uongo. Ilikuwa taarifa iliyowahi kidogo.

Jumamosi nikapanda basi la Don Mills, nikashuka, nikapanda lifti hadi ghorofa ya kumi na mbili. Mlango ukafunguliwa na mwanamke mfupi, nywele nyeupe, sweta juu ya gauni refu, ameshikilia kigari chake cha kutembelea kama dereva wa lori aliyechoka na abiria.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyetumwa?"

"Ndiye mimi, bibi. Naitwa Valerian."

"Valerian." Akaniangalia toka juu mpaka soksi. "Wa Bukoba."

"Umejuaje, bibi?"

"Valerian atoke wapi kwingine, Japani? Vua viatu. Bukoba mjini au vijijini?"

"Kamachumu."

"Baba yangu alikuwa na duka Kamachumu. Ramzanali, mnunuzi wa kahawa. Kamuulize mtu yeyote."

Ningemuuliza nani, kwenye ghorofa ya kumi na mbili? Nikasema nitauliza.

Jina lake Bibi Rozmin. Familia yao ni Waismaili, waliondoka Bukoba miaka ya sabini wakaja huku, na yeye Kiswahili chake kilibaki palepale kilipokuwa siku ile, safi, kama shati lililokunjwa sandukuni. Akanipeleka jikoni. Huko nikamkuta Nazmin, dada yake Naeem, miaka kama ishirini na tano, anakaanga kachori. Nazmin anafanya kazi kwa daktari wa meno. Kiswahili anakielewa chote, lakini hajibu ila kwa Kiingereza, kama watoto wengi waliokulia huku. Bibi anamuuliza hivi, yeye anajibu vile, na chai inaiva bila mtu kugombana.

Nikapewa kikombe. Nikajiweka sawa kitini. Kazi ianze.

"Mama yako yuko wapi?" Bibi akauliza.

Kufika katikati ya kikombe, Bibi Rozmin alikuwa anajua kwamba mama yangu yuko Bukoba na miguu inamsumbua, kwamba hesabu kidato cha sita nilipata ile alama isiyotajwa, kwamba mama mdogo Benedicta ananisalia novena nipate mke, kwamba ofisi yangu ni stoo ya mifagio, na kwamba mjukuu wake akisajiliwa nitatoka humo stoo. Nilikwenda kuvua, nikavuliwa mimi. Na kachori nilikuwa nimekula nne.

"Kumbe na wewe una haja yako," akasema.

"Kidogo tu, bibi."

"Haya. Na ndiye wewe uliyemtazama mjukuu wangu kwenye hizo video?"

"Mimi mwenyewe. Mechi zote nane."

"Ile ya mvua uliionaje?"

"Ile ya mvua!" Nikapiga goti langu. "Ile, bibi, alinimaliza. Mpira unateleza kama sabuni, lakini yeye…"

"Hakucheza ile mechi," Nazmin akasema kwa Kiingereza, bila kugeuka kutoka kwenye karai. "Alikaa benchi, amejifunika taulo."

Nikacheka. Nilicheka peke yangu. Bibi alikuwa anakoroga chai yake ambayo haikuwa na sukari.

"Basi sikiliza, mjukuu wa Kamachumu, nikuambie usichokiona. Kila asubuhi mimi ndiye ninayemfunga Naeem vifungo vya shati. Mtoto wa miaka kumi na minane, mrefu kuliko friji. Mkono wa kulia hauinuki kupita hapa." Akagusa kifua chake. "Mechi ya tatu walimwangusha, watu wawili juu yake. Akaamka, akamaliza mechi, akaja nyumbani anakula kwa mkono wa kushoto. Kwetu hatuli kwa mkono wa kushoto. Nikajua."

Bibi na Nazmin wakampeleka kwa daktari. Daktari akawaonyesha picha: gegedu la bega limechanika. Apumzike mwaka mzima, asirushe hata kokoto, halafu ndipo wafikirie kumpasua. Akirusha kwa nguvu kabla ya hapo, kilichobaki kitakatika chote, na hapo hakuna wa kukirudisha.

"Na hapo si mpira tu," Bibi akasema. "Daktari alisema hatainua hata sahani kuiweka kabatini. Nazmin, si ndivyo alivyosema?"

"Ndivyo," Nazmin akajibu kwa Kiingereza chake.

"Baba yake anasemaje?" nikauliza.

"Feroz yuko Calgary kikazi mpaka mwezi wa tatu. Naeem aliniapisha nisimwambie baba yake. Nikaapa, na mimi nikiapa nimeapa." Akasogeza sahani ya kachori mbele yangu. "Lakini kocha hakumtaja kwenye kiapo."

Ndipo nikaelewa kwamba chai ile haikuwa yangu. Alikuwa ameningojea.

"Mwambie kocha wako amkatae," akasema. "Nikisema mimi, anafunga mlango wa chumba. Akisema dada yake, anamwita adui. Lakini akikataliwa na watu wa mpira wenyewe, atalia, atanuna, atapumzika. Mkono utabaki. Umenielewa? Sitaki chochote kingine kwako."

"Nimekuelewa, bibi. Nitamwambia."

"Apa."

"Naapa, bibi. Kwa kaburi la babu yangu."

Nazmin akageuka, mwiko mkononi, mafuta yanadondoka sakafuni. Akanitazama vile daktari wa meno anavyotazama jino. "Andika," akasema.

"Nimeshaandika hapa," nikamjibu, nikajigonga kichwani. Nikachukua kachori ya sita.

Naeem alirudi nikiwa navaa viatu. Akanipa mkono wa kushoto. Kijana mzuri, macho makubwa, sauti ya chini, wa aina ile ambayo akina mama kanisani wangeiombea. Akasema atanipeleka hadi kituo cha treni. Ndani ya gari alifunga mkanda kwa kuuvuta na mkono wa kushoto kupitia mbele ya kifua, kwa ustadi, kama mtu aliyeshazoea. Tulipita taa ya kwanza, tukafika ya pili. Kisha akaanza, kwa Kiingereza.

"Amekuambia."

"Nani, bibi? Tumeongea habari za kahawa tu."

"Bro. Dadima hawezi kukaa na kitu hata dakika tano. Amekuambia."

Dadima ndivyo wanavyomwita bibi nyumbani kwao.

"Nyinyi ndio wa mwisho," akasema. "Vyuo kumi na kimoja. Sasa nikipiga mimi, inapokea mashine. Daktari anasema mwaka. Mwaka nikiwa nje, nani atakumbuka jina langu? Kuna watoto wa miaka kumi na sita wana nyota tano." Taa ikawaka kijani, hakuondoka mpaka gari la nyuma likapiga honi. "Nikisaini kwanza, halafu niumie, wananitibu. Wananisubiri, maana nimeshakuwa wao. Nikiumia kabla ya kusaini, wananifuta. Unaona ilivyo?"

Niliona ilivyo. Ubaya wake ni kwamba alikuwa sahihi.

"Lakini watataka urushe," nikasema. "Mbele yao."

"Nitarusha mifupi. Yadi ishirini naweza, naurusha kwa kiwiko, bega silitumii. Nimecheza hivyo tangu mechi ya nne. Nani kaona?" Akanigeukia. "Wewe umetazama mechi zote. Uliona?"

Hapo ndipo ningeweza kumwambia kweli, kwamba sikuona kwa sababu sikutazama.

"Hapana," nikasema.

"Basi. Kama wewe hukuona, hawataona. Usiseme kitu, bro. Tafadhali."

Nikamwambia sijasikia kitu. Nikamwambia mimi masikio yangu ni ya mapambo. Akacheka kidogo, akanishusha, na mimi nikashuka ngazi za kituo nikiwa nimeapa mara mbili ndani ya saa moja.

Jumapili baada ya misa nilikwenda kwenye stoo yangu, nikafunga mlango, nikafungua mechi. Nilizitazama zote, kweli safari hii, mpaka macho yakawa kama nimekata vitunguu. Alichokisema Bibi kilikuwa pale pale, mtoto wa darasa la pili angekiona. Mechi ya kwanza na ya pili, kijana anarusha yadi hamsini, mpira unakwenda kama umetumwa. Ya tatu, wale wawili wanamwangukia. Kuanzia ya nne, ukiacha ile ya mvua aliyokaa benchi, hakuna mpira hata mmoja unaopita yadi ishirini. Na kila akimaliza kurusha anaingiza kidole gumba cha mkono wa kulia kwenye mkanda wa suruali na kuuacha mkono uning'inie hapo, ili bega lisibebe uzito. Kila mara. Nilihesabu mara thelathini na saba, kisha nikaacha kuhesabu. Wamarekani nao, nadhani, walihesabu.

Karatasi yangu ilikuwa na mstari mmoja wazi: Afya. Niliutazama sana ule mstari. Niliandika, nikafuta. Mwisho nikajiambia nitaongea kwa mdomo, ndiyo kazi yangu, kesho nikiona uso wa Mancuso nitajua la kusema.

Jumatatu uso wa Mancuso ulikuwa umenyolewa. Alikuwa amevaa shati jipya.

"Haya, Val. Bibi kasema nini?"

Makocha wote wanne wakanigeukia, vikombe mikononi, tayari kucheka. Na mimi mtu akiwa tayari kucheka siwezi kumnyima. Ni ugonjwa.

"Kasema nile," nikajibu.

Wakacheka.

"Na kasoro? Umeona kasoro?"

"Moja, kocha. Kubwa."

Mancuso akaweka kikombe mezani. Nilikuwa nayo mdomoni, naapa. Neno "bega" lilikuwa limekaa kwenye ulimi.

"Nyumba ile inapika mno," nikasema. "Mkimsajili, mnunue suruali mbili. Ya Septemba na ya Oktoba."

Kocha mmoja alipaliwa na kahawa. Mancuso alipiga meza, akacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu tulipofungwa mechi ya kwanza. Akasogeza karatasi mbele yangu, kidole kwenye ule mstari ulio wazi, bado anapangusa machozi. Nikaandika: Hakuna tatizo. Hakuniuliza mara ya pili. Nafikiri aliogopa kuuliza.

"Ijumaa," akasema. "Arushe mipira kumi na tano mbele yangu, kisha asaini."

Ijumaa ilikuwa na theluji. Wakati wa baridi tunatumia uwanja wa ndani, puto kubwa la turubai linaloshikiliwa na hewa. Mashine zinavuma mchana kutwa, na ukifungua mlango vibaya upepo unakusukuma nje kama mlevi. Nikafika mapema na karatasi zangu. Naeem alikuwa ameshavaa. Hakunisalimia, alinikonyeza tu. Mama mdogo Benedicta alikuwa amenitumia ujumbe kuuliza kama visikilizio vinakuja na picha, anataka kuituma Bukoba.

Akaanza kurusha. Yadi kumi, yadi kumi na tano, ishirini. Mipira inatua kwenye vifua vya wapokeaji kama imewekwa kwa mkono. Kila akirusha, kidole gumba kinaingia kwenye mkanda. Mancuso hakukiona kidole. Alikuwa anatazama mpira.

Alipofika mpira wa tisa, mlango ukavuma, akaingia Bibi Rozmin, koti mpaka visigino, kigari mbele. Nikamkimbilia. Niseme ukweli, nilikimbia ili nimfikie kabla hajamfikia mtu mwingine.

"Shikamoo, bibi. Umekuja na nani?"

"Marahaba. Nazmin anaegesha gari, huko mbali kwenye theluji." Akawa anahema. "Umewaambia?"

"Nimewaambia, bibi."

"Wakasemaje?"

"Wameelewa. Leo wanamtazama tu, kwa heshima, asijisikie vibaya. Hatarusha kwa nguvu."

Bibi akafumba macho kidogo. "Mungu akuzidishie. Hata mimi nilijua, mtoto wa Kamachumu hawezi." Akapapasa mfuko wa plastiki uliokuwa kwenye kigari. "Nimemletea kocha kachori. Si kazi rahisi kumkataa mtoto wa mtu."

Nikamvutia kiti. Akakaa, mfuko mapajani, miguu haifiki chini. Mpira wa kumi. Wa kumi na moja. Bibi akawa anatikisa kichwa kwa upole kila mpira, kama mtu anayemsikiliza mtoto akisoma.

"Safi!" Mancuso akapaza sauti. "Safi sana. Sasa nipe ule wa kwenye video. Upande mpana wa uwanja, yadi hamsini. Niupate mmoja tu, nikalale."

Naeem akanitazama. Hakumtazama kocha, alinitazama mimi. Kulikuwa na nafasi ya mtu kusema neno moja, hata kukohoa. Mimi, niliyezaliwa nikiongea, nikainama nikaanza kupanga karatasi zangu, ya juu nikaiweka chini, ya chini nikaiweka juu.

Nilisikia kabla sijaona. Sauti ndogo, kama mtu amevunja muwa. Mpira ulitoka ukiyumba, ukadondoka yadi kumi mbele yake, ukaruka ruka na kulala. Naeem alipiga magoti. Hakupiga kelele. Mkono wa kulia ulikuwa unaning'inia na kiganja kimegeukia nyuma, mahali kiganja hakigeukii.

Mtu wa huduma ya kwanza alikimbia na mkasi, akakata jezi, akagusa bega kwa vidole viwili. Akainua macho kwa Mancuso, akatikisa kichwa. Naeem alikuwa anarudia kitu kimoja tu, kwa Kiingereza, taratibu: nimesaini? Nimeshasaini?

Bibi alikuwa ameshanyanyuka. Magurudumu ya kigari yalikuwa yamekwama kwenye nyasi za plastiki, akawa anayasukuma hivyo hivyo. Mancuso akamwendea, akasimama mbele yake, mwanamume mkubwa asiyejua mikono yake aiweke wapi. Akanigeukia.

"Muulize kama alijua," akasema. "Kama kuna mtu yeyote nyumbani kwao aliyejua."

Nikatazama mlangoni kama Nazmin ameingia. Palikuwa na mwanga wa theluji tu.

"Bibi," nikasema, "kocha anakupa pole sana."

"Muulize kwa nini amemrushisha," Bibi akasema. Sauti yake haikupanda. "Wewe ulimwambia. Muulize amemrushishaje na ulimwambia."

"Anasema nini?" Mancuso akauliza.

"Anasema hakujua, kocha. Kijana aliwaficha hata wao. Anasema ni mapenzi ya Mungu."

Mancuso akavua kofia. Kipara chake kilikuwa kinatoka jasho. "Mwambie hata sisi hatukujua. Tungejua, nisingemgusa huyu mtoto. Mwambie hivyo, Val. Naapa nisingemgusa."

Nikamgeukia Bibi. "Anasema alifikiri ni jambo dogo, bibi. Anaomba radhi."

Bibi Rozmin akamtazama Mancuso usoni, kwa muda mrefu, vile mtu anavyotazama kitu ili asije akakisahau. Kisha akauvuta ule mfuko wa kachori karibu na tumbo lake, mbali naye. Mancuso aliona, akarudi nyuma hatua moja. Hakujua amekosa nini. Akainamisha kichwa kana kwamba anajua.

"Hajasema hivyo."

Kiingereza, kutoka nyuma yangu. Nazmin alikuwa amesimama kando ya kapu la mipira, funguo za gari mkononi, theluji mabegani bado haijayeyuka. Sijui alifika saa ngapi. Alifika mapema vya kutosha.

"Bibi yangu hajasema habari ya Mungu," akamwambia Mancuso. "Anauliza kwa nini umemrushisha na huyu alikuambia. Jumamosi, jikoni kwetu, bibi alimweleza kila kitu. Bega, daktari, kwamba akirusha ndiyo mwisho. Akamwomba akuambie umkatae. Mimi nilikuwa pale, nakaanga. Aliapa."

"Val?" Mancuso akasema.

Nikazibana karatasi zangu kifuani.

Mancuso akanyoosha mkono, akazichukua karatasi zangu, akazipekua moja moja kwa sababu nilikuwa nimezivuruga, mpaka akaupata ule mstari. Akausoma. Hata hakunitazama.

"Nazmin," Bibi akaita. Alikuwa anatutazama kwa zamu, mimi, kocha, karatasi. "Kwani huyu amewaambia nimesema nini? Na mimi, kaniambia nini ambacho mzungu hakusema?"

Naeem, pale chini kwenye nyasi, akainua kichwa asikilize. Na Nazmin, ambaye jikoni kwao sikumsikia hata mara moja akijibu kwa Kiswahili, akamwambia kwa Kiswahili, polepole, akitafuta maneno, moja baada ya jingine, na hakuruka hata moja.